Aliyetuchorea Bandari

Hakutembea kama watu wengine wa mtaani kwetu Chumbageni, mjini Tanga. Kila hatua yake ilikuwa na urefu uleule, na alizihesabu kimoyomoyo. Ukimsalimia katikati ya hesabu alikuinulia kidole kimoja usubiri, mpaka afike kwenye mia kamili ndipo aitikie. Shikamoo yangu ya asubuhi ilikuwa inangoja mpaka nguzo ya umeme ya pili. Hapo ndipo aliposimama, akageuka, akasema, "Marahaba, mwanangu," kana kwamba ndiyo kwanza nimetamka.

Tulimwita Mchora Ramani. Ofisi ya ardhi ilikuwa na wachoraji wengine, wenye shati safi na maneno mengi kumshinda, lakini cheo hicho mtaani alikibeba yeye peke yake. Mimi nilimwita Baba Mkubwa kwa sababu niliishi nyumbani kwake miaka saba, tangu darasa la tano mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Mama yangu alimwita shemeji. Undugu wenyewe ulianza pale alipokuja kupima pwani ya kijijini kwetu, upande wa Mkwaja, na marehemu baba akapata kibarua cha kumshikia mnyororo wa kupimia. Walilala nyumba moja na kula sinia moja kwa majuma kadhaa, na toka hapo hakukuwa na wa kuwatenganisha. Watu huniuliza kama nilimpenda. Nadhani nilimpenda. Siku hizi nikimfikiria hakuna kinachopanda wala kinachoshuka, na ninaandika haya nikiwa hivyo hivyo.

Mfukoni mwake zilikaa penseli tatu, zote amezichonga kwa wembe. Vichongeo vya dukani alividharau, alisema vinatafuna. Ufutio alikuwa nao pia, mkubwa, mweupe, lakini sikuwahi kumwona akiutumia. Kwa Mchora Ramani mstari uliokwisha kupigwa wino haukuwa wa mtu tena, na kama kuna anayetaka uondoke, aandike. "Mstari hufutwa kwa barua," alikuwa akisema, na hakuwa anatania. Mwaka mmoja mkewe alihamisha pipa la maji kutoka nyuma ya jiko akalileta karibu na mlango. Kumbe ramani ya nyumba yao, aliyoichora mwenyewe na kuibandika ukumbini, ilionyesha pipa nyuma ya jiko. Siku mbili hakuoga. Siku ya tatu mkewe akachana karatasi ya daftari langu la hesabu akaandika: Ndugu, naomba pipa lihamishwe. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye faili, kisha akachota maji akaenda kuoga huku anaimba besi yake ya kwaya.

Maana alikuwa Mlutheri wa kutoka milimani na kwaya hakuikosa. Wala futari hakuikosa. Mwezi wa Ramadhani, adhana ikilia tu, ungemkuta ameshakaa kwenye mkeka wa jirani, amenawa mikono, anangoja mihogo ya nazi.

"Bwana Mlutheri, ushafungua?" wazee walimchokoza.

"Nimefungua tangu saa moja asubuhi," alijibu, akinyoosha mkono kwenye sinia. "Saumu ni yenu. Mihogo ni ya Mungu."

Walicheka mpaka mzee mmoja akapaliwa na uji. Mimi pia nilicheka, wakati ule.

Sasa niseme habari ya ramani yenyewe.

Rais wa wakati ule, ambaye leo ni mstaafu, alikuja Tanga katika ziara. Mchora Ramani hakumtaja kwa jina. Alisema "Mkubwa" tu, kwa sauti ya chini kidogo kuliko sauti yake ya kawaida. Kabla ya ziara ofisi iliagizwa kuchora pwani ya kesho, kuanzia mjini hadi kwetu kusini, na kazi akapewa yeye kwa sababu mkono wake ulikuwa hautetemeki. Siku ya hotuba alisimama nyuma ya ubao wenye miguu mitatu, anaushikilia upepo usiuangushe, na akasikia yote akiwa kule nyuma, hamwoni msemaji, anaona ncha za misumari ya ubao tu.

Aliyoyasikia aliyakariri maisha yake yote. Nilikuwa napata somo hilo kila Jumapili baada ya chakula, nikitaka nisitake. Kwamba pwani yetu itakuwa mlango wa nchi zote za bara zisizo na bahari. Kwamba bandari kubwa itajengwa kijijini kwetu, penye kina, na reli itatoka hapo kwenda mpaka maziwa makuu. Kwamba katani haitaondoka tena Tanga ikiwa singa, nyuzi ghafi tu, itaondoka ikiwa kamba, magunia na mazulia. Kwamba nazi zitakamuliwa hapa hapa. Kutakuwa na chuo kinachotazama bahari, na hospitali ambayo mgonjwa ataletwa kwa boti, na mtoto wa mvuvi na mtoto wa kibarua wa shamba la katani watakaa dawati moja. Na hakuna mama wa pwani atakayemsindikiza tena mwanawe kwenye basi la kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam.

Hapo kwenye basi ndipo sauti yake ilipokuwa inakwama kila Jumapili. Nilikuwa mtoto lakini nililiona hilo. Mwanawe wa pekee alikuwa ameshapanda basi hilo.

Sitaki mtu adhani alikuwa mjinga. Ramani ile niliiona nikiwa na miaka kumi na moja na nikaitaka. Reli ilikuwa nyeusi, barabara nyekundu, bahari ameipaka rangi ya buluu kwa pamba, polepole, haina hata doa. Nilitafuta nyumba yetu nikaikosa. Nikamuuliza iko wapi.

"Hii si ramani ya vilivyopo," akasema. "Vilivyopo kila mtu anaviona."

Tatizo ni kwamba yeye alianza kuishi humo. Likizo alinirudisha kijijini mwenyewe, na tukishuka tu kwenye gari anaanza kuwafukuza watoto waliokuwa wanacheza mpira kwenye uwanda nyuma ya shule. "Tokeni relini, nyie! Tokeni relini!" Watoto walitazama kushoto na kulia, hakuna reli, kuna mbuzi. Wakashika jina. Mpaka leo uwanda ule unaitwa Relini, na kuna vijana wenye ndevu waliozaliwa kijijini hapo ambao hawajui kwa nini. Mwanamke akiulizwa kuni kaziokota wapi atakwambia Relini, na haoni ajabu yoyote.

Mambo yake mengine hayakupatana. Wakubwa wa ofisini walimfuata kwa upole, mmoja mmoja, wakitaka kujua lango la bandari litaangukia wapi ili wawahi viwanja. Hakumwambia hata mmoja, na hakujichukulia hata kipande cha upana wa mkeka. Kwa hilo alinyimwa cheo na hakulalamika. Lakini mtu huyo aliyewapangia makazi watu ambao hawajazaliwa, paa lake lilivuja juu ya kitanda cha mkewe miaka yote niliyokaa pale, na dawa yake ilikuwa kusogeza kitanda. Mkewe alipofariki, pale makaburini hakulia. Alilitazama kaburi akasema limepinda. Akaomba kamba, akashuka mwenyewe shimoni na koti lake la msiba, akaanza kulinyoosha ukingo kwa jembe huku mchungaji amesimama na kitabu wazi na sisi tumesimama juani. Nilimchukia kwa muda wa saa moja hivi. Baadaye nilimkuta jikoni amekaa sakafuni mbele ya lile pipa la maji, ameshika ile barua ya daftari. Nikaondoka kimyakimya.

Linalobaki ni la mama, na hilo ndilo kubwa.

Baba alipofariki, mama alitaka kujenga. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, makuti juu, na kaka zake walikuwa wamekwisha kumchomea matofali, wameyapanga nyuma ya nyumba. Mchora Ramani alikuja kumpa pole. Alipoyaona yale matofali akamwita pembeni. Nilikuwepo.

"Shemeji, usijenge," akamwambia. "Hapa unapokaa ndipo patakuwa ghala namba moja. Utajenga, watavunja. Na minazi usipande, mnazi haukui kwa siku moja. Ngoja kwanza. Mimi mwenyewe nitakuja kukwambia."

"Utakuja weye?"

"Nitakuja mimi."

"Basi miye nangoja neno lako," mama akasema, na wakapeana mikono.

Kwetu neno la namna hiyo halina shahidi wala karatasi, na ndiyo maana halivunjwi. Mama alingoja. Majirani walingoja mwaka, wakangoja wa pili, kisha mmoja akachimba msingi, akafuata mwingine. Wakapanda minazi, ikakua, ikazaa, wakaanza kumuuzia mama nazi. Kijiji chote kikawa cha tofali na bati, na katikati yake nyumba yetu ya udongo, na nyuma yake matofali yaliyoota majani mpaka mijusi wakayafanya mji. Mwenyekiti wa kijiji alimwendea akamwambia hajapata kuona karatasi yoyote ya bandari. Mimi nilimwambia. Kaka zake walimwambia mpaka wakafa.

"Aliyeniambia nisijenge ndiye atakayeniambia nijenge," mama alijibu. "Mwenyekiti hakula sinia moja na mume wangu."

Kila masika nilikwenda kukandika ukuta. Masika ya mwaka juzi nilichelewa, nilikuwa na sare za shule za kushona, shule zinafunguliwa na wazazi wananipigia simu. Ukuta wa chumbani ukamwangukia mama alfajiri anapojiandaa kuswali. Alivunjika nyonga. Nikamleta kwangu Makorora, mjini, nikamlaza chumba kinachotazama cherehani yangu, na tangu hapo akawa na swali moja tu. Halikuwa habari ya nyonga. Alitaka kwenda kufia kwake, kwenye nyumba yake, na nyumba ilikuwa imeanguka, na ya kujenga nyingine alikuwa hajapata neno.

Mwaka huu nikapata fundi. Matofali yalikuwepo, ukiyaondolea majani. Nikamwambia naweza kumaliza vyumba viwili kabla ya vuli. Akaniuliza kama shemeji kasema.

Ndipo nikaenda Chumbageni. Ilikuwa asubuhi, saa nne. Nilimkuta kibarazani kwake kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, na salamu yangu akaiitikia papo hapo kwa sababu hakuwa akitembea tena. Alikuwa amepungua sana. Pembeni ya kiti, ndani ya bomba la plastiki la kupitishia maji, ilikuwemo ramani, nayo nikaijua kabla hajaniambia.

Nikamweleza yote. Nyonga, ukuta, fundi. Nikamwambia sitaki ushahidi wala barua, nataka aseme neno moja tu, jenga, hata kwenye simu.

 Badala ya kujibu akaanza kunisimulia harusi.

Ilikuwa harusi ya mjukuu wa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi hapa mjini, na yule Mkubwa, sasa mstaafu, alikuwa mgeni. Mchora Ramani alivaa koti, akachukua ramani yake, akasimama kwenye bustani ya ukumbi tangu adhuhuri. Jioni wakampa dakika mbili. Alisema mzee wa watu alikuwa mwema mno, alimpa mkono, akamwuliza hali, akawaambia vijana wake waikunjue ramani mezani kati ya sahani za biriani. Akaitazama. Akaisifu rangi ya bahari. Kisha akauliza hapa ni wapi.

"Nikamwambia ni hapa," Mchora Ramani akasema. "Nikamkumbusha hotuba. Akacheka kidogo, vizuri tu, si kwa dharau. Akasema mwaka ule kila mkoa uliambiwa uandae kitu cha kumwonyesha, na alionyeshwa vingi, vyote vizuri. Ndoto zilikuwa za kweli, akasema, ila ramani zilikuwa za ziara. Kisha akaniuliza kama nataka aniwekee saini."

"Akaiweka?"

"Akaiweka. Pale penye chuo."

Hakuionyesha, wala sikuomba kuiona.

"Harusi hiyo ilikuwa lini, Baba Mkubwa?"

"Mwaka wa nane huu."

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya kibaraza. Nakumbuka kuna mtu alipita na baiskeli ana mikate, akapiga kengele.  Nilijisikia kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, anajua kuna kinachong'olewa.

"Ukuta umeanguka mwaka juzi," nikasema.

"Najua."

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini, mwanangu? Kwamba nimemweka kwenye tope kwa ajili ya maonyesho ya siku moja?" Akaukunja ukingo wa blanketi, akaunyoosha ukawa mstari. "Kila mwaka nilijiandaa. Nikasema masika yapite, niende barabara ikiwa kavu. Yakapita. Nikasema yapite mengine."

Nikamwambia ainuke. Sikumwambia kwa ukali. Nilimvalisha viatu, nikaita bajaji, tukaenda Makorora.

Mama alipomwona alifurahi mpaka akataka kujiinua. "Shemeji! Kumbe u hai! Karibu, karibu, Zuhura mletee kiti." Nikamletea. Mama akajifunika vizuri mtandio wake, uso umemjaa nuru. Maana alijua. Kwake yeye shemeji alikuwa amekuja na lile neno.

"Shemeji," Mchora Ramani akasema. "Nimekuja kukwambia ujenge."

"Alhamdulillahi."

"Bandari haiji. Haikuwa inakuja."

"Basi yameisha. Mungu hakupanga. Weye umetimiza, neno lako umelileta." Akanigeukia. "Umesikia, weye? Sasa mwite huyo fundi wako." Kisha akamrudia, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeulizia habari za njiani. "Wamekwambia lini?"

Nilimtazama Mchora Ramani. Angeweza kusema jana. Mimi nisingesema kitu, na nadhani alijua kwamba nisingesema. Mama angerudi kijijini na moyo wake mmoja.

"Miaka minane, shemeji," akasema.

Mama hakupandisha sauti. Akaitazama nyonga yake chini ya kanga. Akaniambia nimtilie mgeni chai. Nikamtilia. Akamwuliza kama ina sukari ya kutosha, na Mchora Ramani akasema inatosha.

"Shemeji," mama akasema, "kwa mume wangu umekula, na mwanangu umemlea. Hayo siyafuti. Ila nikifa, usije kunizika."

"Nimesikia, shemeji."

Aliimaliza chai yote. Nikamsindikiza mpaka barabarani kama wageni wanavyosindikizwa, nikamfungia mkanda wa kiatu, nikamlipia bajaji.

Vyumba viwili vilikamilika kabla ya vuli, na mama alilala ndani yake majuma sita. Alipofariki, mwanawe wa Mchora Ramani alikuwa likizo nyumbani kwao, akanipigia simu kunipa pole, akasema mzee ameshasikia. Tukazika kijijini saa kumi, watu wengi, hata mwenyekiti alishuka kaburini. Tukaketi matanga siku tatu. Kina mama walikuwa wanasema namlilia mama kwa utulivu, mtoto aliyelelewa. Sikuwa nalia. Nilikaa penye mlango mpya siku zote tatu, kila gari likisimama nanyanyua kichwa, mpaka siku ya tatu jioni mikeka inakunjwa ndipo nilipoelewa nilichokuwa nangoja. Nilitaka amkaidi mama. Nilitaka aje na miguu yake mibovu, avuke Pangani kwa pantoni, asimame pale uani afukuzwe, ili niwe na wa kumfukuza.

Hakuja. Alikuwa ameambiwa asije.